Namba ya Rajmund

Kilima hiki hakikuumbwa. Kilichimbwa.
Babu zetu walikitoa chini ya ardhi, toroli kwa toroli,
mawe yaliyokataa kuwa makaa,
wakayamwaga nyuma ya nyumba zetu za matofali
hadi yakatuzibia jua la jioni.
Leo kimefungwa kamba na bendera,
nasi tumelipa zloti mia na tisini
kwenda kuteseka bure
pale walipoteseka wao kwa mshahara.

Namba iliyo kifuani, mia nne kumi na saba, si yangu.
Ni ya kaka. Alhamisi goti lake lilikwenda upande wake
akicheza mpira na watoto wa mtaa,
na fedha, walimwambia, hazirudishwi.
"Basi nenda wewe, Truda," kama anayenituma dukani.
Mimi, mpishi wa hospitali, miaka arobaini na sita,
ambaye mbio zangu za mwisho zilikuwa za kuwahi tramu.
Na tramu iliniacha.

King'ora kikalia, kilekile cha zamani cha mgodi.
Vijana wa fulana za kubana wakafyatuka kama bisi.
Nyuma yao mimi, na Achim wa kiwanda cha mikate,
na bibi harusi mtarajiwa aliyevaa shela,
tukapanda.

Tope la Machi halina adabu.
Linaingia soksini, linapanda kiunoni, linauliza maswali.
Chini ya seng'enge nilitambaa kwa viwiko,
pua yangu kisiginoni mwa mtu nisiyemjua,
na nje ya kamba, magongo yakigonga mawe, sauti ya kaka:
"Makalio chini, Truda! Chini!"
Watu wakacheka. Nikacheka nami, tope likaniingia kinywani,
na ladha yake nikaijua:
taulo la baba,
ambalo pembe yake niliitafuna nikiwa mdogo
nikimsubiri aoge.

Halafu dimbwi la barafu.
Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga.
Mimi sikuvua kitu. Niliingia na viatu na namba ya mtu,
pumzi ikanitoka,
ikaenda kusimama ukingoni, ikanitazama.

Ukuta wa tatu ulinishinda.
Mara ya kwanza vidole. Mara ya pili mabega.
Mara ya tatu nikakaa chini nikaanza kuhesabu sufuria za kesho:
supu ya shayiri, viazi, na vile vya wasiokula chumvi.
Ndipo bibi harusi akapiga goti topeni, shela na yote,
akasema, "Kanyaga."
Nikakanyaga bega la msichana atakayeolewa Jumamosi.
Juu nikalala kifudifudi, nikamnyoshea mkono.
Kiganja chake kiliteleza kama sabuni,
tukashikana vifundo, tukavutana, tukaangukia upande wa pili
bila kuulizana majina.

Kileleni palikuwa na upepo tu,
na mnara wa mgodi ambao gurudumu lake halizunguki tena,
na paa letu, la tatu kutoka kanisani, likitoa moshi.
Mama yumo ndani. Amekataa kuja kuona
watu wazima wakijipaka uchafu
alioufua miaka thelathini.

Kushuka, kiatu cha kushoto kikabaki.
Nilirudi, nikazamisha mkono hadi begani.
Kilima kilikwisha kukimeza.
Nikakiachia.
Kimewahi kutuchukulia kikubwa zaidi.

Mstarini mtangazaji akasoma namba, akapaza sauti:
"Mpigieni Rajmund makofi!"
Wakampigia. Kaka akainua gongo moja, akainama kama mfalme,
mkavu tangu unyweleni hadi unyayoni.
Medali wakanivika mimi. Nikaivua, nikamvika.
Akaivua, akanirudishia.
Tulibishana njia nzima, sote tukichechemea.

Mama mlangoni akatutazama kwa zamu.
"Viatu nje," akasema.
"Ninacho kimoja tu," nikamjibu.